Nyumba ya Mabati, Joto la Mchana na Baridi ya Usiku: Mwongozo Kamili wa Kuilinda Familia

Watu wengi wanaoishi chini ya paa la mabati wamejaribu kurekebisha joto la nyumba zao na wakashindwa, na karibu wote hushindwa kwa namna moja: hutibu saa moja ya siku na kuiharibu nyingine. Mwenye nyumba huziba matundu ya hewa kwa matambara ili asisikie baridi ya alfajiri, kisha saa nane mchana watoto wake wanalala katika chumba kinachochoma. Mwingine huacha madirisha wazi usiku kucha ili apate upepo, kisha familia nzima inaugua malaria.

Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe. Pima kwanza, rekebisha paa, panga hewa, ushughulikie usiku wa baridi, kisha ugeukie miili ya watu, chakula na dawa. Vipimo vyote ni vya Selsiasi.

## Vitu vya kuandaa

Tafuta vitu hivi kabla ya kuanza, kwa sababu hatua ya kwanza haiwezekani bila kipimajoto cha chumba na daftari.

- Kipimajoto cha chumba, na ikiwezekana viwili, kimoja cha ndani na kimoja cha nje.
- Kipimajoto cha mwili cha kidijitali, kinachopatikana katika maduka ya dawa. Cha zebaki kikivunjika humwaga sumu, basi usikinunue.
- Daftari na kalamu.
- Wavu wa kuzuia mbu wa kugongomelea madirishani na kwenye matundu ya hewa, pamoja na vyandarua vya vitanda.
- Rangi nyeupe ya nje inayokubali mabati, au mikeka ya mafunjo kwa ajili ya dari.
- Koleo na debe la chuma lenye kifuniko.
- Blanketi, soksi, na kofia ya mtoto mchanga.
- Pakiti za ORS, yaani chumvi na sukari ya kuchanganya na maji kwa aliyepungukiwa maji mwilini.

## Hatua ya 1: Pima nyumba kabla ya kuigusa

Mwili wa binadamu ni kipimo kibovu. Aliyetoka juani huona chumba cha nyuzi 30 kuwa baridi, na aliyeamka usingizini huona nyuzi 20 kuwa barafu. Kwa hiyo weka kipimajoto katika urefu wa kitanda anacholala mtoto, mbali na ukuta, mbali na jua na mbali na jiko. Ukikitundika juu karibu na mabati kitakuonyesha joto la paa, na paa halilali kitandani.

Soma kipimo cha ndani na cha nje mara tatu kwa siku: saa kumi na moja alfajiri, saa nane mchana na saa nne usiku. Andika. Fanya hivyo kwa siku kadhaa zenye jua na zenye mvua, maana siku moja yaweza kukudanganya.

Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba wakati wa joto kali chumba kisizidi nyuzi 32 mchana na nyuzi 24 usiku, hasa penye watoto wachanga na watu waliozidi umri wa miaka 60. Upande wa baridi, shirika hilo hilo limetaja nyuzi 18 kuwa kiwango cha chini kinachofaa ndani ya nyumba katika nchi zenye majira ya baridi. Kipimo hicho hakikuandikwa kwa ajili yetu, lakini mtu wa nyanda za baridi za Uganda, kama Kabale, Kisoro au Kapchorwa, anaweza kukitumia bila kusita. Anayeishi penye joto, kama Adjumani au Moroto, asikate tamaa akishindwa kufikia nyuzi 24 usiku mwezi wa Februari; lengo lake liwe kupunguza, si kufikia namba.

Utajua umefaulu ukiwa na ukurasa unaokuonyesha mambo mawili: ni saa ngapi nyumba yako ni hatari, na je, saa hiyo ndani kuna joto zaidi kuliko nje au pungufu. Jambo hili la pili ndilo litakaloamua hatua ya tatu.

## Hatua ya 2: Anza na paa

Mabati hunyonya jua na kulitupa joto chini, moja kwa moja juu ya vichwa vya watu. Usiku mabati hayo hayo huachia joto kuelekea angani na kupoa haraka, mpaka mvuke wa pumzi za waliolala unageuka matone ya maji chini yake na kudondoka kama mvua ndogo. Ndiyo maana nyumba moja inaweza kuwa tanuri mchana na pango la maji alfajiri.

Njia ya kwanza ni rangi nyeupe. Mabati meupe hurudisha sehemu kubwa ya jua kabla halijawa joto ndani ya chuma. Paka wakati wa kiangazi baada ya kusugua kutu na vumbi, na usitumie chokaa ya ukutani, kwa sababu mvua itaiosha. Anayepanga amwombe mwenye nyumba ruhusa kwanza. Wenye nyumba wengi hukubali wakielezwa kwamba rangi huilinda bati dhidi ya kutu.

Njia ya pili ni dari. Hata dari ya mikeka ya mafunjo husaidia, mradi uache nafasi ya hewa kati ya mkeka na bati na uache matundu mwanzo na mwisho wa nafasi hiyo ili hewa ya moto itoke. Dari iliyobanwa kwenye bati bila nafasi haifanyi kazi kubwa.

Tahadhari: mafunjo makavu huwaka kwa kasi. Usiweke dari ya mikeka katika chumba kinachopikiwa au kinachotumia mshumaa na taa ya mafuta. Katika nyumba za kupanga za chumba kimoja, zile zinazoitwa muzigo Kampala, ambako jiko na kitanda hutenganishwa na pazia, chagua rangi na uache mikeka.

Utajua umefaulu kipimo cha saa nane mchana kitakapokaribia kile cha nje. Usitarajie ndani pawe baridi kuliko nje, kwani nyumba nyepesi ya bati haina uwezo huo.

## Hatua ya 3: Fungua na funga kwa kipimo, si kwa mazoea

Hapa ndipo wengi huharibu. Ushauri unaosambaa kila mahali husema: funga madirisha mchana, fungua usiku. Ushauri huo ni wa kweli kwa nyumba yenye kuta nene na paa zito, ambayo mchana hubaki na ubaridi wa usiku uliopita. Ni wa kweli pia kwa nyumba ya nyasi ya Acholi na Lango, ambayo wazee wetu waliipa mlango mdogo na kuta za udongo kwa sababu nzuri. Lakini chini ya bati lisilo na dari mambo hugeuka: saa nane mchana ndani huwa na joto kuliko nje, na anayefunga madirisha wakati huo amelifungia joto ndani pamoja na watoto.

Kwa hiyo tumia daftari lako. Kipimo cha nje kikiwa chini kuliko cha ndani, fungua. Kipimo cha nje kikiwa juu kuliko cha ndani, funga na uteremshe mapazia. Tuseme nje ni 31 na ndani ni 35: fungua kila kitu, hata kama jua ni kali. Nje ikiwa 34 na ndani 29, kama ilivyo mara nyingi katika nyumba ya nyasi, funga mpaka jioni. Kanuni hii haichagui nyumba wala wilaya.

Kufungua dirisha moja hakutoshi. Hewa huhitaji njia ya kuingilia na njia ya kutokea, basi fungua pande mbili zinazokabiliana, na uhakikishe matundu ya juu ya ukuta hayajazibwa. Najua kwa nini watu huyaziba: mbu, vumbi, baridi, na macho ya wapita njia. Dawa ya yote hayo ni wavu uliogongomelewa vizuri kwa nje, wala si gazeti wala tambara. Tundu lenye wavu hupitisha hewa na kumzuia mbu. Tundu lenye tambara huzuia hewa, na mbu huingia kwa mlango.

Feni haipoozi hewa, huipeperusha tu ili jasho likauke haraka. Hewa ya chumba ikizidi nyuzi 40, feni huanza kuupasha mwili joto badala ya kuupoza, hivyo izime, uloweshe ngozi na nguo kwa maji, kisha uhamie kivulini nje. Kitambaa kilicholowa na kutundikwa mlangoni hufanya kazi vizuri katika hewa kavu ya Karamoja, lakini kando ya Ziwa Nyanza, ambako hewa tayari imejaa mvuke, utapata unyevu zaidi kuliko ubaridi.

Tahadhari: mbu anayeambukiza malaria huuma hasa usiku, na joto ndilo huwafanya watu wengi waache kulala ndani ya chandarua. Kama chumba bado kina joto saa nne usiku, usiondoe chandarua. Ondoa blanketi, nyunyiza maji sakafuni mapema jioni, na usogeze kitanda kwenye njia ya hewa.

Utajua umefaulu ukiona mapazia yakicheza saa nane mchana na watoto wakilala usiku kucha bila kukitupa chandarua pembeni.

## Hatua ya 4: Usiku wa baridi, bila sigiri ndani

Hatua hii isome hata kama unaishi mahali pa joto, kwa maana sigiri huingizwa ndani kwa sababu nyingi. Kabale na Kapchorwa huingizwa ili ipashe chumba. Kampala huingizwa kwa sababu mvua imeanza, au kwa sababu sigiri inayoachwa nje usiku huamkia kwa mtu mwingine, au kwa sababu maharagwe yameachwa yaive taratibu hadi asubuhi. Matokeo ni yale yale.

Makaa yanayowaka hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Gesi hii haina harufu, haina rangi na haikerehi koo. Huingia kwenye damu na kukamata nafasi ambayo ilikuwa ya oksijeni, hadi ubongo na moyo vinakosa hewa wakati mtu bado anapumua. Wengi huamini kwamba hatari ni moshi, hivyo wakiona makaa yamekuwa mekundu na moshi umekwisha, huona jiko limekuwa salama. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi, na hata yaliyofunikwa na majivu, yanaendelea kutoa gesi hiyo. Jenereta linalowashwa ukumbini au barazani karibu na dirisha hufanya vivyo hivyo, kwa kasi kubwa zaidi.

Fanya hivi kila usiku:

1. Maliza kupika mapema, na utoe makaa kwa koleo kuyatia katika debe la chuma lililo nje. Mwagia maji au uyafukie kwa udongo, kisha ufunike. Usimwage maji kwenye sigiri yenyewe ikiwa na moto, kwa sababu kikombe chake cha udongo kitapasuka. Makaa uliyoyazima utayaanika na kuyatumia tena.
2. Acha sigiri nje ipoe. Weka kiganja juu yake bila kuigusa. Ukihisi joto lolote, bado haijawa tayari kuingia.
3. Pasha watu joto, usihangaike na chumba. Baridi nyingi hutoka chini, hivyo weka mkeka, maboksi yaliyokunjuliwa au blanketi kuukuu chini ya godoro kabla ya kuongeza blanketi juu. Soksi na kofia husaidia kuliko watu wanavyodhani.
4. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa kwa kitambaa inaweza kupasha kitanda, lakini itolewe kabla mtoto hajalala.
5. Zuia upepo wa upande unaovuma, na uache tundu la juu lenye wavu likiwa wazi.

Dalili za sumu ya gesi ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na usingizi mzito. Kwa mkazi wa Uganda dalili hizo hutafsiriwa mara moja kuwa malaria, na hapo ndipo muda hupotea. Angalia mambo matatu: je, watu kadhaa wameugua kwa pamoja, je, hawana homa, na je, hupata nafuu wakitoka nje? Ikiwa ndivyo, chimbuko liko ndani ya nyumba.

Ukimkuta mtu amezimia katika chumba chenye sigiri, fungua mlango wote, vuta pumzi nje, mtoe haraka, na usibaki ndani ukijaribu kumwamsha. Mpeleke hospitalini hata akizinduka, na umweleze daktari kwamba kulikuwa na makaa.

Utajua umefaulu ikiwa sigiri inaingia ndani ikiwa baridi kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

## Hatua ya 5: Mtoto mchanga na mzee

Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, na hilo hutokea hata Arua au Gulu, wala si milimani peke yake. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Baada ya kuzaliwa akaushwe, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, avikwe kofia, na asiogeshwe kabla ya saa 24 kupita. Bibi anayesisitiza mtoto aoge mara moja aelezwe kwa heshima, na ikiwezekana aelezwe na mkunga, maana neno la mkunga lina uzito kuliko la mkwe.

Kosa la upande wa pili ni kumfunika mno. Mtoto aliyeviringishwa shuka tatu katika chumba cha nyuzi 33 atapanda joto bila ugonjwa wowote. Gusa kifua au shingo ya nyuma, usiguse mikono wala miguu, ambayo mara nyingi huwa baridi. Kifua chenye jasho kinaomba nguo moja ipunguzwe.

Wazee wengi hawahisi kiu wala joto kama vijana. Usimuulize mzee kama anataka maji. Mletee, naye atakunywa.

## Hatua ya 6: Homa hupimwa, haibahatishwi

Kiganja kwenye paji la uso hakitoshi. Weka kipimajoto cha kidijitali kwapani, bana mkono, na usubiri mlio. Nyuzi 37.5 au zaidi kwapani ni homa.

Mtoto aliye chini ya miezi miwili mwenye nyuzi 37.5 au zaidi, au aliyeshuka chini ya 35.5, apelekwe kituo cha afya wakati huo huo, bila kusubiri asubuhi na bila dawa ya nyumbani. Aliye mkubwa zaidi apimwe malaria ndani ya saa 24 tangu homa ianze. Katika wilaya nyingi wahudumu wa afya wa kijiji, wale wa VHT, wana vipimo vya haraka. Kumpa dawa ya malaria bila kipimo huficha magonjwa mengine, nimonia ikiwemo.

Parasetamoli hupimwa kwa uzito wa mtoto, na isizidi mara nne kwa saa 24. Mpunguzie nguo na umpe vinywaji. Usimmwagie maji baridi wala kumpaka spiriti, kwa sababu atatetemeka, na kutetemeka huzalisha joto zaidi. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege au aliyelegea apelekwe haraka. Wakati wa degedege mlaze ubavu na usitie chochote mdomoni.

Kuna hali moja ambayo kanuni ya maji baridi hubadilika. Mtu aliyeshinda juani au ndani ya nyumba ya moto, mwenye joto la mwili la nyuzi 40 hivi na anayeongea ovyo au kuzimia, amepigwa na joto. Huyo mvue nguo, mmwagie maji mwilini, mpepee kwa nguvu, na mwite wa kumsafirisha huku ukiendelea kumpoza. Mpe ORS ikiwa tu ana fahamu na anaweza kumeza.

## Hatua ya 7: Chakula, maji ya moto na dawa

Bakteria huongezeka haraka kati ya nyuzi 5 na 60, na chumba cha mabati huwa ndani ya mipaka hiyo mchana na usiku. Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Mchuzi wa karanga, maharagwe, samaki na wali vikibaki mchana kwa ajili ya jioni, viingie kwenye friji ndani ya muda huo, na vichemshwe tena mpaka vifuke mvuke hadi katikati. Wali uliolala nje utupwe, kwa kuwa sumu inayoweza kuzaliwa ndani yake haifi kwa kupashwa moto. Asiye na friji apike kiasi cha mlo mmoja. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa saa nne hivi.

Katika beseni la kuogea, tia maji baridi kwanza ndipo uongeze ya moto, kisha upime kwa kiwiko. Sigiri, uji na chupa ya chai visiwe sakafuni mahali mtoto anapotambaa. Akiungua, mmwagie maji safi ya kawaida kwa dakika 20; kama hakuna bomba, tumia kikombe na jerikani, taratibu. Usipake dawa ya meno, yai wala siagi. Jeraha likiwa kubwa kuliko kiganja chake, au likiwa usoni, mikononi au sehemu za siri, nendeni hospitalini.

Dawa nyingi za vidonge, zikiwemo za malaria, zimeandikwa zitunzwe chini ya nyuzi 30. Soma pakiti, kisha usome daftari lako: mara nyingi rafu ya juu karibu na bati huvuka kiwango hicho kila siku. Hamishia dawa chini, katika kasha lenye kufuli, upande wa nyumba usiopigwa na jua la jioni, mbali na jiko na mbali na mikono ya watoto.

Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 na haipaswi kuganda. Iliyoanza kutumiwa aghalabu huvumilia joto la chumba kwa wiki nne hivi, mradi lisizidi kiwango kilichoandikwa kwenye pakiti. Pasipo na friji, weka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, jaza mchanga katikati, uloweshe mchanga huo asubuhi na jioni, na uweke dawa katika chungu cha ndani ndani ya mfuko usiopitisha maji. Vyungu vikae kivulini penye upepo. Weka kipimajoto humo ndani kwa siku nzima kabla ya kukitegemea, kwa sababu chungu kinachofanya kazi vizuri Moroto wakati wa kiangazi huenda kisitoshe Entebbe wakati wa mvua.